Ule Ute wa Kwenye Tangi

Maziwa yaliyokataliwa yakirudi nyumbani huwa na harufu inayokufikia kabla hujafungua mkebe. Inaingia kwenye nywele. Likizo ya Agosti iliyopita nilioga na kuoga tena na bado niliisikia kwenye mto wangu, imechanganyika na dizeli, kwa sababu pikapu yetu ilikuwa imeanza kuzimika mlimani na mimi ndiye niliyekuwa naosha mikebe.

Kwetu ni Dundori, upande wa juu, ng'ombe na waru, yaani viazi. Baba ana pikapu ya dizeli iliyonizidi umri kwa mbali, nami niko kidato cha tatu. Kila asubuhi pikapu hiyo ilizunguka ikichukua maziwa ya majirani kando ya barabara, halafu ikapanda kilima hadi kituo ambako maziwa yanapimwa. Mpimaji humimina kidogo kwenye kikombe, anaongeza spiriti, anatikisa. Yakishikana, anausukuma mkebe kando kwa mguu bila hata kumtazama mwenyewe. Na maziwa yakikaa juani njiani, lazima yashikane. Kwa hiyo pikapu ikilala barabarani hatukuumia sisi peke yetu. Aliumia kila mama aliyeamka kukamua.

Dereva alikuwa Mjomba, ndugu mdogo wa Mama. Alitoka Keringet miaka miwili iliyopita baada ya pombe kumpotezea kazi ya lori. Baba akampa chumba kando ya stoo na ufunguo wa pikapu. Pombe aliiacha kweli. Nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniuliza mbona sisemi. Mimi mbele ya watu huwa siongei. Mwalimu akiniuliza swali najibu kwa sauti ambayo hata wa dawati langu haisikii. Mjomba alikuwa ananiachia tu nikae karibu yake akifanya kazi, na akitaka spana ananyoosha mkono.

Sasa niseme jambo langu mapema, maana nikilichelewesha litanikaba. Dizeli yetu inanunuliwa Nakuru kwa pipa, na pipa linakaa stoo. Limeota kutu. Ukichota unapata vumbi jekundu na wadudu waliokufa wakielea kwa mgongo. Tangu muhula wa kwanza, kila Jumamosi alasiri, kazi ya kujaza tangi la pikapu ilikuwa yangu: mtungi, faneli, polepole. Hakuna aliyeniambia nichuje. Lakini nyumbani kwetu hakuna kitu cha majimaji kinachotoka chombo kimoja kwenda kingine bila kitambaa. Tunachuja maziwa, tunachuja maji ya mvua, Mama anachuja hata uji wa mgonjwa. Nikakiokota kitambaa cha zamani cha kuchujia maziwa, cheupe chenye mstari wa buluu, alichokuwa amekitupa nyuma ya jikoni kwa sababu kilinuka. Kilikuwa kimekakamaa kwa mafuta ya maziwa, na kwenye mikunjo kulikuwa na ukungu mweusi. Nilikishika kwa vidole viwili nikakifunga kwenye mdomo wa faneli. Nilijiambia dizeli itaua huo uchafu wote.

Kiliishi juu ya pipa miezi kadhaa, kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka. Siku moja nikakuta kona yake imekatika. Niliona kabisa kwamba imekatika. Nikajiambia imenaswa kwenye msumari mahali, nikageuza upande ulio mzima, nikaendelea kumimina.

Ugonjwa wa pikapu ulikuwa wa kuudhi kwa sababu haukuwa wa siku nzima. Asubuhi ilishika mara moja. Barabara ya tambarare ilienda vizuri, hata ikiwa imejaa. Ila ikifika kilima, gia ya pili, mikebe yote nyuma, inaanza kukwama kama mtu anayekabwa shingo, inatoa moshi kidogo, inanyamaza. Unakaa hapo kama robo saa ukitazama jua linavyopanda. Halafu unawasha, na inawaka kama vile haijakufanyia kitu.

Mjomba alianzia mbele. Alifungua kiskrubu cha chini ya filta aone kama kuna maji. Hakukuwa na maji. Akabadilisha filta. Ile ya zamani ilitoka na utelezi wa kahawia uliomfanya akunje pua, akaufuta kwa majani. Siku mbili pikapu ikapanda vizuri, siku ya tatu ikalala tena pale pale. Akalegeza skrubu ya juu na kupampu kwa mkono atoe hewa. Hapo ndipo alipoona kitu, akaniita nikione. Juu ya filta kuna kitufe kikubwa cha kupampu, na ukikibonyeza kinatakiwa kiruke kirudi juu chenyewe. Hiki kilibaki chini, kimebonyea, kama mtu amekishika kutoka upande wa pili.

"Inavuta haipati," akasema. "Ingekuwa hewa, kingerudi. Kuna kitu kimeziba huko nyuma, kwa tangi."

Alimwambia Baba hivyo hivyo. Baba akasema tangi ni tangi, halina ugonjwa, na akampigia simu makanika wake wa mjini.

Makanika alikuja na viatu vya kung'aa na kijiti mdomoni. Alifungua boneti, akanusa, akafunga boneti. Kitufe hakukigusa. Tangi hakuliinamia. Alitema mate kwenye ua wetu, akasema pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imekwisha, inunuliwe nyingine, na sababu anaijua. "Mzee, hii gari imenyweshwa mafuta ya taa." Halafu akatafuta mahali pa kufutia mikono, akaifuta kwenye sweta yangu ya shule iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliichukua sweta nikaisugua mpaka vidole vikachubuka, na lile doa liko hadi leo.

Baba aliondoka kwenye mazungumzo hayo akiwa na uso wa mtu aliyeletewa alichokuwa anakitafuta. Kesho yake maziwa ya kituo cha pili, pale barabarani tunapochukulia mikebe mara ya pili, yalikuwa yamekataliwa siku ya pili mfululizo, na akina mama walisimama na mikebe yao wakitungojea kwa hasira. Nilikuwa nimekaa nyuma katikati ya mikebe. Baba akatukuta hapo akiwa kwenye bodaboda, akashuka, akaanza kuongea na wale akina mama kana kwamba Mjomba hayupo. Akawaambia hawajui wanabebewa maziwa na nani. Kwamba dizeli inauzwa kwa watu wa matrekta, halafu tangi linajazwa mafuta ya taa, na pombe haiachwi, inafichwa tu. Aliongea akitabasamu, kwa ile sauti yake ya mikutano. Mathe mmoja mwenye gambuti za njano, ambaye maziwa yake huwa mengi kuliko ya wengine wote, alitikisa kichwa akasema ndiyo maana. Mwingine akauliza kama hata pombe ya harusi ya juzi ilinunuliwa kwa dizeli ya maziwa yao, wakacheka.

Mjomba hakubishana. Alishika mlango wa pikapu. "Shemeji, nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi usiponionyesha hii gari inaumwa nini," Baba akasema, "utarudi Keringet na jina lako la mwizi."

Niliziba pua kwa kiganja. Sijui kama ilikuwa maziwa au Baba. Nyumbani ndiye huyo anayeomba kabla ya chakula kwa maneno mengi hadi ugali unapoa.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa na siku tatu, na ni mimi peke yangu niliyemsaidia kuzitumia. Alitoa dizeli kidogo kwenye filta akaiweka kwenye chupa ya jamu dirishani tangu asubuhi hadi jioni. Haikujigawa, maji hayakukaa chini, wala haikunuka mafuta ya taa. Alimpelekea Baba ile chupa. Baba akasema asiletewe chupa na mtu wa chupa.

Alhamisi akafanya jaribio ambalo makanika mwenye viatu angelifanya kwa dakika ishirini kama angetaka. Aliazima mtungi mdogo msafi, akanunua dizeli mpya kwa jirani, akauweka miguuni pangu mbele, na paipu ikapita dirishani hadi chini ya boneti. Tangi akaliacha kabisa. Likawa linabebwa tu kama abiria. Kuivuta ile dizeli alitumia mdomo, maana hatukuwa na kitu kingine. Ilimjaa hadi kooni. Akakohoa, akatema, akasuuza kwa maziwa, akatema tena maziwa yenye rangi, na siku mbili nzima kila alipocheua jikoni kwetu kulinuka stesheni ya mafuta. Mikebe tulijaza maji ili mzigo uwe ule ule. Tukapanda kilima. Gia ya pili, hadi juu, bila kukohoa. Tukashuka, tukapanda tena.

"Pampu ingekuwa imekufa, tungekuwa hapa?" akaniuliza.

Nikasema hapana, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikuwa na furaha kwa ajili yake. Bado sikuwa nimejiuliza ni nini kilicho ndani ya tangi. Au nilikuwa nimejiuliza nikaangalia pembeni, kama nilivyofanya kwa ile kona iliyokatika. Nikiwa mkweli, ni hilo la pili.

Jumamosi asubuhi, baada ya maziwa kupelekwa na gari la kuazima, akalishusha tangi uani. Baba alikaa kwenye stuli na chai. Mama alisimama mlangoni. Mjomba alimwaga dizeli kwenye madebe, akafungua bolti za mikanda, akalipokea tangi kifuani akiwa amelala chini, akalisukuma nje kwenye mwanga. Akafungua juu, akavuta ule mrija unaoingia ndani kunyonya mafuta. Mrija haukutoka peke yake.

Nimejaribu mara nyingi kuuelezea ule ute na kila mara nakosea. Chukua maziwa mala yaliyosahauliwa kwa wiki tatu. Yatie rangi ya chai ya rangi. Yafanye yawe na nyuzi, yavutike kutoka mrija hadi mkononi bila kukatika, na yawe na chembe nyeusi kama mbegu. Ulining'inia kwenye kichujio cha ncha ya mrija kama kamasi la ng'ombe mgonjwa. Harufu ilikuwa maziwa na dizeli pamoja, ile ile ya mto wangu. Mama alivuta leso puani akarudi ndani. Mjomba aliingiza mkono hadi kiwikoni akaanza kuuchota na kuuweka kwenye karai, na kila chota ilitoa mlio wa matope yanapong'olewa gambuti. Nikaelewa ule ujanja wa pikapu. Mlimani injini ilipovuta kwa nguvu, ule ute ulifyonzwa ukabandika kwenye kichujio na kuziba. Injini ikizimika, unaachia, unazama chini, unangoja. Robo saa, na njia iko wazi tena.

Kwenye chota ya nne au ya tano kulitoka kipande cha kitambaa, ukubwa wa kiganja. Mjomba alikitandaza kwenye zege kwa kidole. Mstari wa buluu ulikuwa bado unaonekana.

Aliutambua. Alikuwa amekula na kulala kwetu miaka miwili, alikuwa ameviona vitambaa hivyo kwenye kamba kila siku. Aliniangalia mara moja, kama mtu anayeangalia saa, kisha akarudisha macho kwenye karai.

Baba aliinuka na kikombe chake. "Kwa hivyo ulikuwa unatia matambara. Ndiyo gari lizimike, upate mahali pa kusimama uuze." Aliisema taratibu, kama anayesoma. Mjomba akasema kuwa yeye hakutia. Baba akauliza nani basi, ng'ombe? Mjomba akazamisha mkono tena kwenye tangi. Akaendelea kuchota. Baba akamwambia akimaliza kulirudisha tangi afunge nguo zake, kabla ya saa kumi awe ameondoka.

Ningependa kuandika kwamba nilisema pale pale. Sikusema. Niliingia ndani nikanawa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. Nikaketi jikoni na Mama. Nikanywa kikombe kizima cha chai, hadi majani ya chini, huku nikisikia spana zikigonga huko nje na mtu ambaye angeweza kujiokoa kwa kutaja jina langu akikaza bolti. Kati ya vitu vyote vya siku hiyo, karai likiwemo, hicho kikombe ndicho kinachonichukiza zaidi. Nilikimaliza.

Halafu nikaenda sebuleni nikamwambia Baba. Nilianza mara tatu. Nilimwambia kuhusu pipa, wadudu, kitambaa, kona iliyokatika. Niliangalia vidole vya miguu yake muda wote.

Baba alicheka. Alicheka kwelikweli, hadi akafuta macho. Akamwita Mama aje asikie, msichana wake amechuja dizeli kama maziwa. Akasema huyu ana roho ya usafi, huyu atakuwa daktari. Akanipiga begani kidogo. Neno mwizi halikutokea mahali popote. Kitu kile kile, kitambaa kile kile, kikiwa mkononi mwa Mjomba kilikuwa wizi na kilipohamia mkononi mwangu kikawa mchezo wa mtoto. Nilisimama pale nikiwa nimesamehewa na nikahisi mkono wake begani kama ule ute.

Alitoka akamwambia Mjomba asiondoke, mambo yameisha, kumbe ni watoto. Mjomba alikuwa amelala chali chini ya pikapu. Akasema ameshukuru. Halafu akaongeza, bila kutoka huko chini, kuwa angependa shemeji aseme hayo kwenye kituo cha pili, kwa sauti ile ile. Baba akasema watu hao hata wameshasahau. Akasema hawezi kuanza kutangaza barabarani mambo ya nyumbani kwake.

Ile ya mwizi haikuwa ya nyumbani? Hilo nililisema kichwani. Kichwani naongea vizuri sana.

Jumatatu nilipanda nyuma kwenye mikebe kama kawaida. Pikapu ilikuwa na mrija uliosafishwa, tangi lililosuuzwa mara tatu, filta mpya. Kwenye kituo cha pili akina mama walimpa Mjomba mikebe bila kumsalimia, na yule mathe wa gambuti za njano akafungua kifuniko cha mkebe wake na kunusa ndani, akimtazama, kana kwamba Mjomba alikuwa amekwisha kuutia kitu. Nikashuka. Nikasema kwamba ni mimi.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Nikasema nilichuja dizeli na kitambaa cha maziwa, kikakatika, kikaoza kwa tangi, ndicho kilichokuwa kinazima gari, na Mjomba hajauza hata kikombe, na Baba anajua tangu Jumamosi. Sauti ilipasuka katikati, kama ya kuku. Mmoja akacheka. Yule mathe hakucheka. Alifunga mkebe wake.

"Na mzee wako ndiye amekutuma useme?"

"Hapana."

"Nilidhani hivyo." Akageuka kwa Mjomba. "Habari ya asubuhi, dereva."

Mjomba akaitikia. Akaupokea mkebe wake, akaupakia. Tukapanda kilima kwa gia ya pili hadi juu, na maziwa yote yakapita.

Baba alijua kabla ya saa sita, maana barabara yetu haina siri. Hakunipiga, hakunigombeza. Aliacha tu kuniongelesha siku kadhaa, na kwa mtu kama mimi hiyo haikuwa adhabu.

Nilidhani Mjomba atabaki. Nilidhani jina likishasafishwa mtu anakaa nalo mahali pale pale. Lakini alimaliza mwezi, akapata lori la kubeba mahindi huko Rongai, akamwambia Mama kwanza kisha Baba. Aliondoka Jumapili, sisi tukiwa tumerudi kanisani. Mimi nilimsindikiza hadi barabarani na begi lake moja. Nikamwambia ni makosa yangu kwamba anaenda.

"Wewe ulikosea kuchuja, mami," akasema. "Hiyo nimeitoa kwa mikono yangu, imeisha. Ile nyingine si yako."

Bodaboda ikamchukua. Wale mathe wa kituo cha pili wangemwona akipita, na wangejua kwamba anaenda kazini.

Nilipoingia ndani Mama alikuwa ameshapakua. Alikuwa amesahau, au hakuwa amesahau, akapakua sahani tano badala ya nne. Ndugu yangu mdogo aliiangalia ile ya tano. Baba aliomba, safari hii kwa kifupi, akala yake hadi akaifuta kwa ugali. Kisha akauliza hii nyingine ni ya nani. Akaivuta karibu, akachagua nyama kwanza, akaila yote.